Ndovu wa Aksum

Wiki sita nzima Tufaha alikuwa akiwafundisha ndovu kutembea, na Alhamisi hiyo roho yake ilikuwa mkononi. Ofisi yao ndogo ya kutengeneza michezo ya kompyuta ilikuwa ghorofa ya nane, mtaa wa Al Jaddaf, huko Ghuba, na mchezo wenyewe ulikuwa wa vita vya kale: unachagua dola, unajenga miji, unampiga jirani. Dola zilikuwa tisa. Ya Afrika moja tu, Aksum ya Wahabeshi, na hiyo Tufaha aliipigania peke yake mpaka koo likamkauka.

Talal, bosi wao, hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alisema Aksum bila kitu cha kutisha hainunuliki. Wapewe ndovu wa vita, na wasipompendeza mgeni, Aksum inatoka, wanaingia Wamongolia, khalas.

Mgeni alikuwa Bi Amna wa kampuni ya kusambaza michezo, mama wa makamo ambaye wazee wake walihama Unguja kama wazee wa Tufaha. Neno lake ndilo lililoamua kipi kiuzwe madukani Ghuba nzima. Alikaa, akapewa gahawa, akasema haya, tuone.

Faustine, Mganda aliyeiandikia kompyuta akili, aliiacha Aksum ijichezee yenyewe. Amri aliyoipa ilikuwa nyepesi: tafuta mji tajiri usio na ukuta, uteke. Ndovu wakaingia vitani, wapanda farasi wakatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Bi Amna akatabasamu, na Tufaha akaanza kupumua.

Kisha kompyuta ikawapakia ndovu merikebuni. Wakavuka bahari, wakashuka Yemen, wakageukia kaskazini. Tufaha akaangalia ramani kuona mbele yao kuna mji gani. Ilikuwa Makka, tajiri, haina ukuta.

Nani aliyepita chuo cha Kurani asiyejua habari za jeshi la Wahabeshi lililoshika njia ile ile na ndovu wake kuivunja Nyumba ya Mungu, na ndege wakaliangamiza kwa mawe? Kisa hicho alikisoma kwa bibi yake, mtaani Al Baraha, hata meno ya pili hajaota. Wiki sita akahangaika na mikonga na masikio, na lililo wazi hakuliona. Mjinga ni mjinga tu, hata akiwa na shahada mbili.

Bi Amna akaweka kikombe chini. Talal akainamisha kichwa. Faustine, Mkristo wa Fort Portal ambaye kisa hicho hakuna aliyewahi kumhadithia, ndiye peke yake aliyefurahi.

"Mnaona? Inajua njia yenyewe."

Ndovu wakazidi kusonga. Talal alimnong'oneza Tufaha azime, asingizie umeme. Lakini mficha uchi hazai. Tufaha aliusimamisha mchezo, akageuka.

"Bi Amna, kosa langu. Kisa nakijua tangu chuoni, wala hakikunipitia akilini."

Tufaha akajaribu bahati yake: ndovu wangeweza kupiga magoti pale pale, wakatae kwenda, kama ilivyohadithiwa. Hakuwa amemaliza kusema, akajua amezidi kuharibu.

"Muujiza haufanywi mchezo, mwanangu," alisema Bi Amna. "Watoeni."

Kuwatoa ndovu ni kuitoa Aksum, na Talal alikwisha shika kalamu. Tufaha akajisikia akisema basi mji ufutwe kwenye ramani, na Aksum isiwe na merikebu hata moja. Ndovu wabaki kwao, wasivuke kamwe. Bi Amna akafikiri, akasema labda. Faustine, aliyekwisha elezwa kwa maneno machache na uso ukamsawijika, aliandika amri hizo kwa dakika kumi.

Safari hii Bi Amna alishika kipanya mwenyewe, akachagua Waajemi. Merikebu zake zikatia nanga mbali kidogo na pwani, zikaanza kurusha moto. Ndovu walijipanga ufukweni, wakainua mikonga, wakarudi nyuma, wakaja tena. Hawakuwa na pa kwenda. Mmoja mmoja wakaanguka, na Tufaha akaona uchungu wa kweli, kama wana nyama na damu.

"Wazuri," alisema Bi Amna, akicheka kwa upole. "Na wala si wagumu kuwapiga. Ukae baharini tu."

Akatia saini mkataba wa kuuza mchezo. Talal akasema mabruk. Tufaha alimshukuru Bi Amna kwa adabu zote, maana Aksum ilikuwa imebaki.