Kindege Nyuma ya Pazia

Fundi cherehani alikuwa amejibanza nyuma ya pazia la kupimia nguo, simu mkononi, kijasho kikimtiririka mgongoni. Mezani, mkewe alikuwa akishona vifungo. Pesa zilizokuwa katika simu hiyo hazikuwa zake. Wanakwaya walikuwa wamezichanga ili awanunulie vitambaa vya sare. Jana aliingiza kidogo tu katika mchezo wa kindege, akapoteza. Akaongeza ili akirudishe kile kidogo, na nyongeza nayo ikafuata njia ileile. Sasa zaidi ya nusu ilikwisha kwenda.

Katika mchezo huo kindege hupaa, na kadiri kinavyopaa ndivyo dau linavyonona. Mchezaji hubonyeza kabla hakijatoweka. Akichelewa, hana chake. Mara ya mwisho fundi alichelewa kufumba na kufumbua tu, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Laiti angeshindwa vibaya, pengine angekata tamaa. Kukosa kwa unywele kulimnong'oneza kwamba ameanza kupata. Tena aliamini kuwa, maadamu anacheza, pesa hazijapotea, zimetangulia tu. Kuacha ndiko kungezipoteza.

"Baba watoto," mkewe aliita, "umeingia humo kupima suruali au kuizaa?"

"Natoka sasa hivi."

"Duka la vitambaa halina undugu nawe. Likifunga, limefunga."

Akaweka dau jingine. Kindege kikapaa. Akakiweka kidole juu ya kitufe. Ngoja, alijiambia, ngoja kidogo, zote zitarudi. Kikatoweka.

"Hodi, mafundi." Alikuwa mwenyekiti wa kwaya. "Nimepita kuiona rangi ya vitambaa."

Mkewe akamkaribisha, kisha akaja kulifunua pazia. Aliitazama simu, akamtazama mumewe.

"Tena?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mara moja tu, mke wangu. Nirudishe, halafu naacha."

"Kitambaa ukikikata vibaya, huwa unaendelea kukata mpaka kifae?" Akanyoosha kiganja. "Lete hiyo simu. Mama wa watu yuko pale, kamwambie mwenyewe."

Fundi akampa simu, akatoka.

"Mwenyekiti, pesa zenu nimezichezea kamari. Nyingi zimepotea."

Neno hilo la mwisho hakuwa amelitamka hata moyoni.

Mwenyekiti aliketi polepole. "Zilizobaki zinatosha nani?"

"Sauti ya kwanza pekee."

"Basi sauti ya nne waimbe wakiwa majumbani mwao." Hakucheka. "Hizi cherehani ni za nani?"

"Zetu," mkewe alijibu. "Moja itauzwa leo."

Wanawake hao wakaanza kukadiria bei yake. Fundi aliinamisha kichwa. Aibu ilimchoma kwelikweli, lakini akili yake ilikwisha kushika hesabu nyingine: dau moja tu, lililowekwa kwa ujanja, na cherehani isingetoka. Mkono ukaingia mfukoni kuitafuta simu. Ukakuta chaki.