Kitambaa juu ya convertisseur

Mimi ni mutu wa hasira, mutaa yetu ya Cimpunda nzima inajua, basi sitadanganya mutu hapa. Simu ya maman ilinikuta juu ya nyumba ya muteja kule Kasha, nikifunga paneli. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Adélaïde, kuya nyumbani. Mashine ya papa imenyamaza."

Papa yangu, muzee Chrispin, alichomea vyuma maisha yake yote, na moshi ikamumalizia mapafu. Sasa anapumua na mashine ya oksijeni. Chupa ya akiba ilikwisha, na courant, umeme ya muji, inakuja ikipenda. Ndiyo maana nilimutengenezea yetu: paneli juu ya bati, bateri chini ya dirisha, na katikati boksi ya convertisseur, yenye kuchukua volti kidogo za bateri na kuzipandisha mpaka mia mbili ishirini zenye mashine inataka. Kupandisha hivyo si muchezo. Panda na gunia ya makala ya kupikia kutoka ziwani mpaka kwetu, utaona kama jasho haitoki. Boksi nayo inapata joto, inataka hewa sawa na papa mwenyewe. Nilikuwa nimeipa akili moja: joto ikizidi, inajizima isiungue. Nilijivunia sana hiyo akili. Sasa, nyuma ya pikipiki, nilikuwa naichukia.

"Tonton, pita mu matope, usiogope," nilimwambia dereva.

"Tukianguka, maman, utafika saa ngapi?"

Niliomba mu moyo. Mungu wangu, usimuchukue nikiwa barabarani.

Nilipofika, nyumba ilikuwa imejaa watu. Ilikuwa zamu yetu kupokea shirika, wale jirani Wakatoliki wenye kusali nyumba kwa nyumba, lakini rozari ilikuwa imesimama. Papa alikuwa kwenye kiti, midomo imebadilika rangi, mabega yanapanda na kushuka. Na juu ya boksi yangu kulikuwa kile kitambaa cheupe cha maua, chenye kuvalisha televizyo siku za sikukuu, kimekunjwa mara mbili. Kwetu kitu cha maana hakikai uchi mbele ya wageni. Radio iko na kitambaa chake, hata termosi iko na chake.

Nilikitupa chini. Boksi ilikuwa inachoma mikono.

"Nani amefunika hii kitu?"

Maman aliangalia chini. "Ni mimi."

"Nilikukataza! Unataka kumuua juu ya mapambo?" Nilisema hivyo mbele ya watu wote, kwa mama aliyenizaa, na nikaongeza mengine yenye sitaandika.

"Tupepee kwanza, Adélaïde, utagombana kisha," alisema maman Laurette, mukubwa wa shirika.

Basi tukapepea ile boksi. Wengine na vitabu vya nyimbo, wengine na vitenge. Maman aliokota kile kitambaa, akapepea nacho. Kila pumzi ya papa ilikuwa inachelewa kuliko iliyopita, na mimi nilikuwa naogopa ile inayofuata. Joto ya boksi ilikuwa inashuka polepole, polepole mpaka nikataka kulia.

Kisha taa ya kijani ikawaka. Mashine ikakohoa, ikaanza kazi. Maman Laurette alifanya ishara ya musalaba.

Midomo ya papa iliporudi rangi yake, aliniita na kidole. Niliinama karibu.

"Maman yako alikataa," alisema. "Aliniambia, Adélaïde hataki ifunikwe. Ni mimi nililazimisha. Watu wakiona ile boksi, wanaona mutu wa kuwashwa na kuzimwa. Nilisikia haya, mutoto yangu."

Watu wa shirika walikuwa wangali wanamwangalia maman kama mwenye kosa, na yeye alikuwa amewaacha wamwangalie hivyo. Nilipiga magoti karibu naye.

"Maman, unisamehe."

"Ngoja kwanza," alisema. "Bado iko na joto."

Aliendelea kupepea, kumbe boksi ilikuwa imeshapoa.