Sinia la Makokha

Kwenye rafu ya Mama Lusweti kule Shauri Moyo hapakuwa na chombo kisicho na habari yake, na ole wako ukimuuliza, maana ungesimuliwa hadi chai ipoe mkononi. Ile sufuria kubwa ilikuwa imezibwa na mafundi wa pale karibu mara nyingi hata ikawa viraka vitupu vilivyokubaliana kukaa pamoja. Mwiko ulichongwa na mama mkwe wake Bungoma, akakabidhiwa siku alipoinjika chungu chake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Birika lilikuwa limepoteza mfuniko tangu lini sijui. Lakini mkubwa wa vyombo hivyo vyote lilikuwa sinia.

Lilikuwa sinia la bati, jeupe, ukingo wake wa buluu, na katikati palikuwa na ua la waridi ambalo vidole vya watu vilikuwa vimelifuta likabaki jani moja. Marehemu mumewe, Makokha, alilinunua mwaka alioajiriwa reli wakapata chumba hiki. Pale ukingoni palipobanduka ni mwaka wa themanini na mbili, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali, risasi zikilia mjini, watu wote wako chini ya kitanda na sinia likaanguka na mboga zake. Penye alama nyeusi ni Annah, binti yake, aliligonga mferejini akikimbizana na wenzake, akachapwa. Watoto wote wa nyumba hiyo walikula humo, magoti yakigusana kwenye mkeka. Na Makokha aliweka sheria moja tu: mkono wa mtu usiguse ugali hadi kifungua mimba amege tonge la kwanza. Akiwa shuleni, mnamngoja. Akinuna, mnambembeleza. Kifungua mimba huyo alikuwa Lusweti.

Basi mwaka wa tisini na sita Lusweti akarudi kwa mama yake. Alikuwa fundi wa masanduku ya bati, mtu wa kifua, nyundo yake ukiisikia unajua ni yeye. Alirudi na godoro, kikohozi na suruali iliyofungwa kwa kamba. Hakuwa ameoa. Mama Lusweti alimtandikia kitanda nyuma ya pazia, akatoka nje, akajifanya anaosha mchele. Alilia mle karaini hadi akaona haya.

Watu wakasema ni TB. Yeye naye akasema ni TB. Vijana wa pale mferejini, ambao mdomo wao hauna breki, wakasema, "Huyo buda amekanyaga waya," yaani ana ukimwi. Nesi wa kliniki alimweka mama huyu chini akamwambia taratibu, kwa Kiswahili chepesi: mwanao usimwogope, kula naye, kunywa naye, chombo hakiambukizi. Alisema mara mbili. Lakini jamani, nesi ni mmoja na mtaa ni watu wangapi? Annah alikuja kutoka Pipeline, alikokuwa akikaa na watoto wake watatu, akaangalia rafu, akaangalia pazia, akamwambia mama yake, "Mayi, mtengee vyake. Mimi nina watoto. Nikianguka mimi, nani atawalea? Baba yao aliyetoroka?"

Mama Lusweti alitenga. Alinunua sahani ya plastiki ya kijani na kikombe chake, akaviweka dirishani mbali na vingine. Na hapa ndipo alipokosea, maana mapenzi na woga vikikaa chungu kimoja havipiki kitu cha maana. Vyombo vya Lusweti aliviosha peke yake, kwenye beseni lake, na maji akamwaga mbali. Pale mferejini kila mwanamke alikuwa na macho. Mama huyu aliyeapa mbele ya kanisa zima kwamba ni TB, beseni lake lilikuwa likisema kila asubuhi kile alichokificha. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini yeye hakungoja hata kilio. Wateja wa mboga zake wakaanza kupita wakimsalimia kwa mbali, "Habari, Mama Lusweti," na mguu hausimami.

Waringa, jirani yake wa mlango wa pili, ndiye pekee aliyeendelea kuingia. Siku moja alimwambia, "Mama Lusweti, wewe ndiye unayemtangaza huyu kijana."

"Nimemtangaza nini?"

"Osha vyombo pamoja, mama. Watu watanyamaza."

Alimfukuza Waringa siku hiyo. Halafu alikaa kwenye kigoda akaona kwamba Waringa amesema kweli, na kweli ile ilimkaa kooni asiweze kuitema wala kuimeza.

Lusweti hakulalamika. Sahani ya kijani ililetwa imejaa, ikarudi imejaa. Alipikiwa uji, akaonja. Alipikiwa ndizi, akageukia ukuta. Jumapili Annah alikuja na watoto, wakaketi kwenye mkeka kuzunguka sinia, na nyuma ya pazia Lusweti akasikiliza vidole vyao vikikwangua bati. Tonge la kwanza siku hizo alimega yeyote mwenye njaa. Sheria ya Makokha ilikuwa imekufa na hakuna aliyeizika.

Jioni moja mama alipokuwa akimfuta jasho, Lusweti alisema, "Mayi, nataka kumega."

"Kumega nini, baba?"

"Ugali. Kwenye sinia. Jumapili, Annah akija. Mara moja tu, halafu sitakusumbua."

Mama Lusweti aliendelea kufuta paji la uso ambalo lilikuwa limeshakauka. "Tutaona," akasema. Tutaona! Mtu anakuomba ugali, mtoto wako wa tumbo, unamwambia tutaona. Alijichukia kwa neno lile wiki nzima. Akipanga mboga anajichukia, akisali anajichukia. Aliwaza wajukuu, akawaza maneno ya nesi, akawaza maneno ya mtaa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini nani alisema mzazi akiujua anajua pia la kufanya?

Jumamosi alikwenda Gikomba akanunua unga wa wimbi, mboga ya mrenda, na kipande cha nyama ya kukaushwa. Jumapili baada ya kanisa aliwasha jiko, akasonga ugali kwa ule mwiko wa Bungoma, sufuria ameibana kwa miguu. Annah alipoingia na watoto alisikia harufu akacheka, "Lo, leo ni sikukuu gani?"  Mama aliupua ugali, akaupindua kwenye sinia, ukakaa pale wa rangi ya udongo, unafuka. Kisha akavuta pazia hadi mwisho wa waya, akalisogeza sinia hadi kitandani, akamwinua Lusweti, akamwegemeza kwa mito.

"Leo kifungua mimba yupo," akasema. "Kaeni."

Watoto wawili walikwisha kukaa. Walikuwa na njaa na hawakuona tatizo lolote. Annah alisimama na mkono begani mwa yule mdogo.

"Mayi, usinifanyie hivi."

"Nesi alisema hakuna neno. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Nesi atanilelea hawa?"

Lusweti alikuwa amenyoosha mkono tayari. Mkono ule uliokuwa ukikunja bati kama karatasi ulibaki hewani juu ya ugali, na macho yake yakawa kwa Annah, kwenye vidole vyake vilivyoshika bega la mtoto. Akaurudisha mkono mapajani.

"Niletee ile ya kijani, Mayi," akasema. "Nikimega mimi hapa, nani atakula?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Mama Lusweti alimgeukia binti yake akataka kumtukana, akamwona analia. Annah alikuwa akilia machozi ya kweli, kamasi zinamtoka, huku akiwainua watoto mmoja mmoja. "Nisamehe, kaka," akasema. "Nisamehe. Siwezi." Yule mkubwa akamuuliza bibi yake, "Kukhu, hatuli?"  Mlango ukafungwa. Waliwasikia watoto wakilia njaa hadi walipopita kona.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hawakukaa Shauri Moyo miaka hiyo.

Lusweti alifumba macho. Mama yake hakuileta sahani ya kijani. Alipanda kitandani, mtu mzima na magoti yake mabovu, akakaa akitazamana na mwanawe, sinia katikati.

"Mega," akasema.

"Mayi, wameenda."

"Nimekwambia umege. Mimi nina njaa, na siwezi kuanza kabla yako. Unataka nilale hivi?"

Lusweti alifumbua macho. Kisha akanyoosha mkono. Alimega tonge dogo, akalizungusha vidoleni kama alivyokuwa akifanya utotoni akiwaringia wadogo zake, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachovya mrenda, akala. Alitafuna kwa muda mrefu. Akameza. Akamega tena.

"Nilidhani koo ndilo limefunga," akasema. "Kumbe ni kula peke yangu."

Mama Lusweti alisikia neno lile na hakulia, maana angelia angeacha kula. Miezi yote aliyokuwa akiirudisha sahani imejaa, alisema ni ugonjwa. Alimwambia Waringa ni ugonjwa, akamwambia pasta ni ugonjwa. Mtoto alikuwa na njaa ndani ya nyumba yake.

Baada ya matonge machache Lusweti alichoka. Akaegemea mito, akatazama sinia. Ugali ulikuwa mwingi, wa watu sita, na upande mmoja tu ndio uliomegwa. Pande nyingine zote zilikuwa nzima, laini, alama ya mwiko bado ipo. Macho yake yalikwenda upande aliozoea kukaa Annah, yakaenda upande wa wadogo zake wengine, yakarudi.

Mama Lusweti aliona anakotazama. Akasogea akamega upande wa Annah, akala. Akamega upande wa pili, akala, akamega na upande wa tatu. Alikuwa ameshashiba zamani, tumbo linamuuma, lakini aliendelea kumega huku na huku, pande zote za sinia, hadi mwanawe akalala.