Aliyosingiziwa Loisi

Mtoto wa kwanza wa Bartolomayo alipofariki, baba yake alitafuta mtu wa kumbebesha kifo kile. Akamwona Loisi, mjane aliyelima mpunga jirani naye pale Bahi. Loisi alikuwa amempakata mtoto muda mfupi kabla hajaanza kulia kwa maumivu ya viungo. Hilo likatosha. Bartolomayo akawaambia wanakijiji, "Huyu ndiye aliyemroga mwanangu." Watu wakaibomoa nyumba ya Loisi, naye akaondoka na kanga aliyojifunga.

Miaka ikapita. Yudith, mke wa Bartolomayo, akajifungua binti, Restuta. Alipoanza kutembea, naye akavimba vidole na kulia vilevile. Safari hii walimkimbiza hospitali, Dodoma mjini. Daktari akapima damu, kisha akawaketisha wazazi wote wawili.

"Ni selimundu," alisema. "Mtoto ameurithi ugonjwa huu kwenu, kwa baba na kwa mama, ingawa nyinyi wenyewe hamuumwi. Dawa zipo. Akitunzwa vizuri atakua."

Yudith alimshukuru Mungu kwa sauti. Bartolomayo alimkumbuka mwanawe wa kwanza, kisha akamfikiria Loisi.

Jumapili, baada ya ibada, alimfuata mchungaji Obedi.

"Mchungaji, nilimsingizia mtu asiye na hatia, na miaka yote hii naimba humu kanisani. Mungu atanipokea kweli?"

"Anakupokea leo hii. Yesu aliifia hata dhambi hiyo," alisema Obedi. "Lakini Loisi bado anaitwa mchawi. Huwezi kumwacha hivyo."

Wakapiga magoti. Bartolomayo alilia kuliko alivyolia siku ya mazishi ya mwanawe. Alipoinuka alijiona mwepesi, ingawa bado aliogopa kukutana na Loisi.

Loisi alikuwa Chemba, kwa Mwanahawa, mama wa Kondoa aliyeuza alizeti. Mwanahawa ndiye aliyemkuta hana pa kwenda akampa chumba. Bartolomayo alimkuta Loisi uani, akipepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alipomtambua, aliuweka ungo chini.

"Nilikusingizia. Mwanangu aliuawa na ugonjwa uliotoka kwenye damu yangu mwenyewe; hata binti yangu mdogo anao. Sina cha kujitetea. Naomba unisamehe."

Loisi alijipangusa pumba mikononi.

"Nilikuchukia sana," alisema. "Hata Baba Yetu ilinishinda. Nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, naishia hapo. Mungu akanivumilia mpaka siku nilipoweza kuimaliza. Nilikusamehe kabla hujaja. Lakini nashukuru umekuja." Kisha akauliza, "Huyo binti anaendeleaje?"

"Anacheza."

"Mungu ashukuriwe. Kaa ule."

Mwanahawa akaleta ugali na mlenda. Bartolomayo alikula huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Aliporudi Bahi aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, akasema yote bila kujificha. Baadhi ya walioibomoa nyumba walijitolea kuijenga upya. Loisi aliwashukuru, ila akasema kwake sasa ni Chemba. Alichotaka ni jaruba lake la mpunga tu. Mvua ziliponyesha, Bartolomayo na Yudith walimlimia kabla ya kugusa la kwao.

Wakati wa mavuno Loisi alikuja na Mwanahawa. Aliingia kanisani na mpunga wake kichwani, akautoa sadaka, watu wakampisha akae mbele.