Skani ya Mheshimiwa

Kila moyo wa Vasta ulipopiga, tumbo lake liliruka. Pigo, kwikwi. Pigo, kwikwi. Alilala kwenye benchi la hospitali mjini Kasese, midomo rangi ya majivu. Mumewe, aliyeitwa Kule, alishika ndoo ya matapishi. Walikuwa wametoka Bwera alfajiri. Ukumbi ulinuka matapishi na mbuzi wa kuchoma. Wageni walikuwa wanakuja.

Daktari Baker aligusa kidonda kibichi chini ya bega la Vasta.

"Pesimeka, hii mashine ya kuusukuma moyo, waliiweka Kampala lini?"

"Wiki iliyopita," Kule alijibu.

"Waya wake hukazwa ndani ya moyo kama skrubu. Nadhani umetoboa moyo, ukatokea nje, ndiyo maana tumbo linaruka. Damu ikijaa pale, itaubana moyo. Lazima nione kwa skani, nijue pa kupitisha sindano niitoe."

"Basi ona."

Baker aliutazama mlango wa pili. Skani mpya ilikuwa humo, imezungushiwa utepe mwekundu.

"Musee, ile haijafunguliwa. Muheshimiwa anakuja leo kukata utepe."

"Kata wewe! Bibi yangu iko nakufa!"

"Nikikata, kesho sina kazi."

Askari wa mlangoni alimsukuma Kule kifuani. "Toka hapa!"

"Afande, wewe hauna bibi?"

"Niko naye. Ni muzima."

"Kule, nyamaza," Vasta alisema kati ya kwikwi mbili. "Watatufukuza."

Mheshimiwa alifika mchana, akaanza na chakula. Alipokuja ukumbini alikuwa bado anafyonza mafuta vidoleni, ulimi ukichokoa nyama kwenye meno. Alimwona Vasta, akaziba pua.

"Huyu ni nini?"

"Mgonjwa wa moyo, Muheshimiwa," Baker aliharakisha kusema. "Tungeanza na yeye. Hali yake ni mbaya."

"Na hiyo ndoo? Watu wa televisheni beko hapa! Leta mutu musafi."

Wakamchukua muuguzi Phionah, mnene, anayecheka kwa aibu. Utepe ukakatwa. Baker akampaka mafuta ya skani kifuani bila kuinua macho. Kupitia mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya kamera, Kule aliuona moyo wa Phionah kwenye kioo cha skani, unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga, hauna neno.

"Ona maendeleo!" Mheshimiwa alisema.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Askari alimgeukia Kule.

"Musee, na wewe piga."

Mikono ya Kule ilikuwa chini ya kichwa cha Vasta, na kichwa kilikuwa kinazidi kuwa kizito.