Mwiko Ulioshika Televisheni ya Kazakhstan

Nnaapa kwa Yule aliyezitundika nyota bila kamba, na satelaiti zikapita katikati yake zisigongane: haya nnayoyasema ni kweli tupu, hayana chumvi wala ndimu. Nikiongopa, kafara juu yangu. Shahidi wa kiapo changu ni Saeed, mwenye baraza hii tuliyokaa baada ya sala ya Ijumaa, hapa Madinat Sultan Qaboos, Maskati. Amekubali kwa kichwa, maana mdomo umemjaa halwa.

Basi, yupo mtu Darsait, mstaafu, aitwa Amur. Ufundi hakuusomea popote. Kila alichokijua alikijua kwa kukiharibu kwanza. Ana mke, Bi Zakiya, mpole mpaka umguse vyombo vyake vya jikoni, na mtoto mmoja tu, Humam, mhandisi wa mafuta. Humam alipata kazi Kazakhstan, mji wa Atirau, penye mto mkubwa, akaenda na makoti matatu na mtungi wa achari ya mamake.

Siku moja Humam akapiga simu akamwambia babake khabari za televisheni ya kule.

"Baba, hawa televisheni yao ya taifa zamani ilikuwa ya lugha mbili. Kikazakhi kilikuwa kinangoja zamu. Sasa hivi ni Kikazakhi tangu kufungua mpaka kufunga. Na kila mkoa una tawi lake. Hili la huku liko njiani nikienda kazini, kila asubuhi nnawaona wanapakia kamera garini."

Maneno yale yalimkaa Amur kama mwiba wa samaki. Kiswahili chake yeye, hapa Maskati, ni lugha ya jikoni na ya kugombana. Ukishavaa viatu ukafungua mlango, unatoka na Kiarabu. Kumbe duniani ipo lugha ya jikoni iliyopewa sebule nzima, na matawi juu yake!

Akapanda juu ya paa kuigeuza dishi. Mgeuzo wa kwanza, mkono wa dishi ukavunjika. Amur hakubabaika. Akateremka, akachukua mwiko wa Bi Zakiya wa kupikia pilau, ule mrefu wa shughuli, akaufunga pale palipovunjika kama gango la mguu. Ikaingia Kazakhstan! Ikaingia safi, mpaka upepo wa nyika za kule ukapeperusha mapazia ya Darsait na Bi Zakiya akavaa shali.

"Na mwiko wangu?"

"Uko kazini," akasema Amur.

Basi kila baada ya alasiri wakawa wanakaa wawili. Saa hiyo matawi ya mikoa hupokezana, leo mkoa huu, kesho ule, kila mmoja na mtangazaji wake na farasi wake. Bi Zakiya alingojea tawi la Atirau tu. Alikuwa akitazama nyuma ya mtangazaji, huenda Humam akapita njia. Amur naye alitega masikio. Akamsikia mtu kasema "khabar". Mwengine kasema "dunie". Mwengine "kitap", mwengine "adam".

"Khabari! Dunia! Kitabu! Binadamu!" akaruka. "Bi Zakiya, hawa watu wetu! Wamepotea njia ya Unguja tu."

Kesho yake Darsait nzima ikajua kwamba Amur anasema Kikazakhi.

"Unajua maneno manne," Bi Zakiya akamwambia.

"Manne ndiyo kisima, bibi. Yaliyobaki ni ndoo."

Ilikuwa hivyo mpaka Mfungo Mosi, Idi imekwisha na vikombe bado havijarudi kabatini. Simu ya Humam haikuingia. Wakasema kalala. Ya pili haikuingia. Wakasema yuko kazini. Alasiri ile ikaja zamu ya tawi la Atirau, na skrini nzima ilikuwa maji. Mto umeacha njia yake. Nyumba zimezama mpaka madirishani, watu wako ndani ya maboti na magodoro yao, ng'ombe kasimama juu ya kilima kidogo peke yake. Chini ya picha yalipita maandishi, zile herufi zao, R zimegeuzwa mgongo na nyengine kama viti vilivyopinduliwa.

Bi Zakiya hakupiga kelele. Alimgeukia mumewe akamwuliza, pole pole:

"Wanasema nini, Baba Humam?"

Amur, aliyekuwa na uwezo wa kuongopa kwa Kiarabu, kwa Kiswahili na kwa Kihindi kidogo, akatafuta uongo wa Kikazakhi asiupate.

"Wanasema... khabari. Khabari za maji."

"Maji nnayaona! Mwanangu je? Si unajua lugha yao wewe? Si umewaambia mpaka wauza samaki?"

Amur akapiga simu kampuni ya mtoto, akajibiwa na mashine. Akapiga ofisi ya serikali, kijana mwenye adabu akamwambia, "Tunafuatilia, ammi." Akapiga tena, wakafuatilia tena. Hakubaki mtu wa kumpigia. Alibaki mtangazaji wa kike wa tawi la Atirau, amevaa mabuti ya mvua, anasema yote waliyotaka kuyajua, wazi, taratibu, akimtazama Amur machoni. Na Amur alikuwa haelewi. Akaongeza sauti, kama kwamba tatizo ni masikio. Akasogeza kiti. Akaongeza sauti tena.

Ijumaa likaja tena tawi lile. Mara hii hapakuwa na maji. Palikuwa na mzee mmoja amevaa kofia, kakaa kwenye meza, uso mzito, anazungumza na kila baada ya maneno mawili anasema "qaza". Qaza hivi, qaza vile. Amur akasimama mpaka kikombe kikamwagika.

"Kadha! Umesikia? Anasema kadha! Watu wanalipa kadha za Ramadhani, zile siku walizokula!"

"Wewe!"

"Neno letu hili, halina ndoo wala kisima! Mtu anayelipa kadha ana nyumba, ana daku, ana jiko linalowaka. Maji yamekwisha, Bi Zakiya. Wamerudi majumbani, wanalipa."

Bi Zakiya akalia, akacheka, akajifuta kwa ncha ya leso. Yeye mwenyewe alikuwa na siku zake alizokula kwa maradhi.

"Basi na mie nalipa nao," akasema. "Kesho nafunga. Nifunge pamoja na mwanangu."

Amur akateremka chini akiwa mrefu kuliko alivyopanda. Chini ya jengo lao pana duka la dawa, na ndani yake yuko Millicent, Mkenya, Mkristo mwema, anayejua presha ya kila mtu Darsait.

"Nimewaelewa," Amur akamwambia. "Leo nimewaelewa Wakazakhi neno kwa neno."

"Ai, mzee! Wamesema nini?"

"Qaza."

"Hiyo ndiyo nini? Ngoja kiasi, niulize simu." Akaandika, akatazama. Akaandika tena kwa namna nyengine. Uso wake ukabadilika. "Mzee, hii simu saa zingine hukosea."

"Soma."

"Wacha tu, mzee."

"Soma, mwanangu."

Millicent akasoma kwa sauti ndogo. "Inasema ni kifo. Mtu kufa. Ajali, watu wakafariki." Akaiweka simu chini, kifudifudi. "Pole, mzee. Lakini haijataja jina. Si lazima iwe ni yeye."

Kutoka duka la dawa mpaka mlangoni kwake ni ngazi chache, lakini siku ile zilizaana. Amur alipofika juu alimkuta Bi Zakiya anachagua tende za kufuturia, anaimba. Akataka kusema. Kinywa kile, kilichowahi kuwaaminisha watu kwamba ngamia wa Salalah wanakula pweza, hakikutoa kitu. Akaingia msalani, akafungua mfereji wa maji, akakaa.

Basi akafunga yule bibi kwa furaha. Alasiri wakakaa tena mbele ya mzee wa kofia, maana kipindi chake kilikuwa kinarudiwa.

"Leo anasema nini?"

"Wanalipa," akasema Amur.

"Bado?"

"Wengi wana madeni."

"Masikini, kumbe na wao wanaumwa kama sisi," akasema Bi Zakiya, na Amur akatazama ukuta.

Siku ya pili ukaja upepo, huu wa kwetu, wa mavumbi. Picha ikawa inakuja na kukatika, na tawi la Atirau ndiyo kwanza linaingia. Amur akapanda juu. Mwiko ulikuwa umelegea. Akaushika kwa mikono miwili, jua la Darsait kichwani, kifua kimelala kwenye dishi, na Bi Zakiya anamwongoza kutoka dirishani.

"Kushoto! Imekuja! Imekwenda! Rudi! Hapo hapo!"

Akasimama hapo hapo. Ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo duniani, kushika mwiko ili mtu asiyemwelewa aendelee kusema.

Sasa sikilizeni, na mkumbuke kiapo changu. Hapo ndipo Amur alipopandwa na ushujaa. Akaingiza uso ndani ya dishi, akaita kwa Kikazakhi chake chote: "Khabar! Adam! Humam!" Sauti ikapanda ikenda mpaka satelaiti, ikateremka Atirau. Yule mtangazaji wa mabuti akanyamaza. Akaweka mkono sikioni. Akatazama kamera akasema, Bi Zakiya anamwona kwa macho yake: "Humam wa Amur, wa Darsait, yu hai, na anakusalimuni." Na matawi yote ya televisheni ile, mkoa kwa mkoa, yakaitikia...

"Baba."

Nikageuka. Humam, aliyerudi juzi kutoka Atirau, yuko mlangoni kwa Saeed, viatu mkononi. Sijui alianza kusimama pale tangu lini.

"Hapana mtu aliyetaja jina langu televisheni," akasema. "Simu yangu ilichukuliwa na maji. Tulihamishiwa skuli moja penye mwinuko, hata mtandao hakuna, mpaka nikaazima simu ya mwenzangu nikampigia mama. Mama akakwita dirishani, 'Kapiga! Kapiga!' Na wewe ukamjibu nini?"

Saeed akameza halwa yake. "Alijibu nini?"

"Alijibu, 'Nimeshika!'"

Baraza ikaanguka kwa kucheka.

"Mama akaita tena, 'Humam! Humam kapiga!' Na yeye, 'Usiwe na wasiwasi, nimeshika!' Simu ikakatika. Babangu yuko juu, amekumbatia dishi."

"Kumbe huyo Amur ni wewe!" akasema Saeed, kama kwamba Darsait ina wangapi.

Nikajaribu kuokoa kilichobaki. "Na qaza je? Lile neno?"

Hapo Humam akakaa chini, akacheka na yeye. "Mzee wa kofia ni imamu. Hata sisi skuli tulimwona. Alikuwa anafundisha watu kulipa kadha za Ramadhani. Kwao neno moja, maana mbili."

"Ala! Basi niliwapatia!"

"Ulipatia, Baba."

Nilipofika nyumbani Bi Zakiya alikwisha kupigiwa simu na Humam. Alikuwa amesimama jikoni, mikono kiunoni. "Miaka yote hii," akasema, "siku moja tu umesema kweli, na mwenyewe hukuijua. Ukanificha nikafunga, wewe unalia na mfereji." Kisha akanisogezea sufuria kubwa. "Umekula kiapo mbele ya Saeed. Kafara ni kulisha masikini kumi. Na unapika mwenyewe."

Basi nikateremka kuwaalika vijana wa gereji za nyuma, masikini wa kweli, watu wa jasho, na nikaanza kuupika wali. Lakini sufuria ile haikorogeki kwa kijiko, kila mtu anajua. Ikanibidi nipande juu na kisu, nikate kamba moja moja, niuchomoe mwiko wa Bi Zakiya pale ulipokaa tangu mwanawe alipokwenda.

"Imekwenda!" akaita kutoka dirishani. Alikuwa anawatazama farasi wa Kazakhstan.

"Nnajua," nikamwambia. Nikaja nao mwiko, nikauosha mavumbi, nikakoroga.