Sailensi ya Gari la Mkwe Wangu

Gari lilipoacha kutetemeka nilisema alhamdulillahi, nikaendelea kupepeta mchele barazani. Mlio ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu aliyepata usingizi baada ya homa ndefu. Mvua ya masika inapiga bati, na chini ya mvua ile nalisikia gari la mkwe wangu ndani ya banda, linanguruma bila kukatika. Nikamwambia binti yangu Nasra kupitia dirishani, "Mumeo amelipatia."

Wakati nasema maneno yale, Azan alikuwa ameshaanguka sakafuni.

Alifika asubuhi kutoka Ikwiriri kumwona mkewe na mtoto. Nasra alijifungulia kwangu, hapa Kibiti. Mtoto alikuwa na siku kumi na moja, arobaini bado mbali. Gari la Azan lilikuwa limekosa sailensi, ndivyo mafundi wanavyosema. Likitembea halina neno, likisimama linatetemeka mwili mzima mpaka linazima. Juzi yake lilimzimikia juu ya daraja la Ndundu, malori yanampigia honi nyuma. Mafundi wawili walishalichezea bure. Sasa akaamua kulitengeneza mwenyewe, kwa kufuata video za kwenye simu.

"Fundi wa simu!" Nasra akamtania kutoka kitandani. "Skrubu zikibaki mkononi usije kuniuliza mimi."

"Wewe nyonyesha. Likitulia, siku ya arobaini nakutoa nalo. Likigoma, utapanda bajaji na mapambo yako yote."

Mvua ikamkuta boneti iko wazi. Nikamwambia aliingize kwenye banda la ufuta. Banda lile alilijenga marehemu mume wangu kwa tofali, halina dirisha, na matundu ya juu nilishayaziba kwa magunia kwa sababu ya panya. Azan akaliingiza kinyumenyume ili mbele ya gari kupate mwanga wa mlangoni. Akavua shati asilichafue, akalitundika kwenye msumari wa nje.

Kazi yenyewe niliiona kwa mbali. Plagi zimepangwa juu ya gazeti, ule mdomo wa kuvutia hewa umesuguliwa mpaka unang'aa. Mwisho akapiga kelele za furaha. "Mama! Mchawi ni huyu hapa!" Akatoa mkono tu mlangoni, kwa kuwa hakuwa na shati, na kiganjani kulikuwa na kipande cha mpira mwembamba kuliko kidole, umepasuka ubavuni. Hewa ilikuwa inaingilia hapo. Akakata palipochanika, akachomeka upya, akawasha. Video ilisema sasa liachwe lingurume dakika ishirini, lisikanyagwe mafuta, lijizoeze upya.

Moshi ukatoka mlangoni, ukapita moja kwa moja kwenye dirisha la Nasra. Mtoto akapiga chafya mara mbili.

Mimi ni mtu wa hofu. Kabla ya Nasra nimezika wawili, kwa hiyo chafya ya mtoto mchanga kwangu si jambo dogo. Naogopa mto ukijaa, naogopa pikipiki, naogopa nyoka kwenye kuni. Jiko la mkaa silazi ndani hata baridi iweje, hilo tulifundishwa tangu shule. Gari sikuliweka katika hesabu hiyo. Gari niliona ni hatari ya barabarani.

Nikaenda mpaka bandani, uso nimeugeuza pembeni. "Baba, moshi unamfuata mtoto. Nafunga hapa."

"Funga tu, mama."

Nikafunga mabati yote mawili ya mlango, nikatia komeo nje upepo usiyapige. Chini palibaki uwazi. Nikauziba kwa gunia.

Chai ilipoiva nikaenda kupiga hodi. Kimya, gari tu. Nikadhani hasikii, nikarudi barazani.

"Si ungeingia tu, mama," Nasra akasema.

"Niingie mkwe wangu yuko kifua wazi? Una wazimu, wewe?"

Tukacheka. Wallahi, tulicheka.

Nikarudi mara ya pili. Nikapiga hodi, nikaita "baba, chai," nikasimama mkono umeshika komeo, na siufungui mlango. Mama mkwe haingii alipo mkwewe hajavaa. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake. Ndipo simu yake ikaanza kulia mle ndani. Ni kengele aliyoitega mwenyewe, dakika ishirini zimekwisha. Ikalia, ikalia, wala hakuna mtu wa kuizima.

Nikafungua.

Alikuwa kifudifudi karibu na gurudumu, ametapika. Nilimshika kwapani nikamvuta. Ngozi inateleza kwa jasho, kanga yangu imeanguka, sijali. Nikamtoa mpaka mvuani, nikampigia ukelele jirani yangu Mwinyimvua, mwenye bajaji. Yeye ndiye aliyebana pumzi, akaingia kulizima gari.

Njiani, ndani ya bajaji, nilimpakata kichwa, kifua nimemfunika kanga, namwita kwa jina lake. "Azan! Azan!" Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo tangu amemwoa binti yangu.

Hospitalini walimvisha usoni mipira ya hewa ya mtungi. Baada ya saa nzima akafumbua macho. Muuguzi akatueleza kwamba katika moshi wa gari mna sumu isiyo na rangi wala harufu, ni ile ile ya jiko la mkaa, na injini inaweza kulia vizuri kabisa huku inaua. Kisha akauliza nani aliyefunga mlango.

Nikafungua mdomo. Azan akasogeza ile mipira usoni, akaniwahi.

"Mimi mwenyewe. Mvua ilikuwa inaingia."

"Mtu mzima, una mtoto wa siku kumi na moja, unajifungia na gari linawaka! Huyo mtoto ungemwachia nani?"

"Nimekosa, dada."

Hakunitazama. Nilisimama miguuni pa kitanda.

Mtoto sasa anatambaa. Mwenye gari nyumbani, ukitaka kuliwasha ulitazame, litoe uani. Mvua ikinyesha, subiri ikatike. Na kama kuna mtu ndani na haitikii hodi, ingia, awe amevaa au hajavaa.

Nasra bado anamtania mumewe mbele za wageni. "Huyu bwana alijifungia na gari, jamani!" Watu wanacheka, na Azan anacheka nao.

Nasra mwanangu, usimcheke tena. Mlango niliufunga mimi, naye anajua.